Miaka Thelathini na Miwili ya Mzee Uthman na Ukoo wa Dachesi

Ijumaa hii, tarehe 31 Machi 1978, Mzee Uthman Bashir Marjan anastaafu baada ya kuitumikia kliniki yetu ya wanyama ya Bugolobi, Kampala, kwa miaka thelathini na miwili kamili. Katika muda huo hakuchelewa kazini hata mara moja, ila kuna siku tatu ambazo hakuja kabisa. Siku hizo tatu nitazieleza, kwa sababu ndizo zilizoniacha hai hata nikaweza kuandika karatasi hii.

Daktari Erinayo Otema, mkuu wetu, aliniomba wasifu mfupi wa kurasa mbili wenye tarehe na vyeo. Vyeo vya Mzee Uthman ni viwili tu, mtunza mbwa na mtunza mbwa mkuu, kwa hiyo nafasi iliyobaki imebidi niijaze kwa mambo mengine, na Daktari anisamehe kwa kurasa zilizozidi. Anayeandika ni mimi, Rosalba Akidi wa meza ya mapokezi, ambaye nyote mnanijua kwa kuduwaa dirishani huku simu inalia. Tumepiga chapa nakala kumi na mbili basi. Ukimaliza kusoma, rudisha yako mezani kabla hujaenda kwenye pilau. Sababu yake mtu mzima haulizi.

Mzee alianza kazi Aprili mosi 1946, kijana wa miaka ishirini na mitatu, wakati kliniki ilikuwa banda la bati kando ya barabara ya Port Bell. Siku hiyo hakuja kutafuta kazi. Alikuja kumleta punda wa baba yake mwenye kidonda cha mgongo. Baba huyo ni marehemu Maalim Bashir, mwalimu wa Kurani wa Kibuli, wa zile familia ambazo mababu zao walipanda huku na misafara ya biashara kutoka pwani, wakaoa, wakajenga, wakabaki. Daktari Mzungu wa wakati ule alikuwa ametoka kung'atwa mkono na mbwa, na hakuna aliyethubutu kumsogelea mbwa yule. Uthman akaketi chini mbele yake akaanza kumtajia mababu zake mwenyewe, taratibu, mmoja baada ya mwingine, na alipofika kwa babu wa saba mbwa alikuwa amelala. Aliajiriwa kabla punda hajafungwa bendeji.

Mtoto wa maalim kushika mbwa ilikuwa habari kubwa Kibuli. Kwa mafunzo ya nyumbani kwao, mkono uliolambwa na mbwa huoshwa mara saba, na mara moja kati ya hizo kwa udongo. Maalim Bashir hakugombana na mwanawe. Alimpa kopo la udongo safi wa uani kwao, akamwambia afanye kazi yake na anawe. Kopo hilo mnalijua, lile la maziwa ya unga lenye kutu mdomoni, na kila Jumatatu linajazwa upya. Mimi na Daktari tuliwahi kukaa tukahesabu maji yote ya miaka yote, mara saba kwa kila mbwa, tukaishia njiani. Tunachojua ni kwamba ule mwaka wa upele, 1961, mbwa wa wodi yetu hawakuambukizana, na daktari wa wakati ule akaandika barua ya kuisifu dawa yake mpya. Mzee hakubisha. Alikwenda kujaza kopo.

Kazi yake nyingine hakuna aliyemwajiri kwayo. Kila mbwa aliyepita mikononi mwake alimpa nasaba kama wanavyofanya kwao: fulani bin fulani, fulani binti fulani, hadi pale kumbukumbu inapogota. Wazungu waliandika kadi wakaziweka kwenye kabati. Mzee hakuwahi kulifungua kabati hilo. Watu walikuja na mbwa mwenye kikohozi wakatoka wanajua kwamba shangazi yake yuko Kololo na anawasalimu. Mchana wodi ikiwa kimya, harufu ya kahawa ikishuka kutoka viwandani na mbwa wote wamelala wakitikisa miguu kwa ndoto zao, angeweza kupita vizimbani akitaja ukoo wa kila mmoja kwa sauti ya chini. Wagonjwa walilala vizuri zaidi, na mimi pia nimewahi kulazwa na sauti hiyo mezani kwangu.

Ukoo aliouenzi kuliko wote ni wa Dachesi. Dachesi alikuwa mbwa wa aina ya teria, mdogo mweupe, mwenye doa la kahawia jichoni, aliyeshuka kwenye treni ya Mombasa mwaka 1955 ndani ya sanduku la mbao. Mwenye mbwa alikuwa bibi wa Kizungu aliyekuja kufundisha Kyambogo. Dachesi alizaa watoto wengi, watoto wakazaa, na kwa miaka kumi na mitano ukoo huo ukatapakaa Kololo, Mbuya na kwenye nyumba za walimu. Mzee Uthman alikuwa anaujua wote.

Kisha ukaja mwaka 1972, Wahindi na wageni wengine wakaondoka kwa wingi na kwa haraka, na mizigo waliyoruhusiwa ilikuwa michache. Mbwa hawakuwemo. Kabati letu la kadi nalo liliondoka, sijui na nani. Asubuhi za Oktoba ile, ukungu wa kinamasi cha Kinawataka ukiwa bado umelalia barabara, Mzee alikuwa akifika langoni anakuta mbwa wadogo weupe wamefungwa kwenye wavu, wengine kwa kamba za viatu, wengine kwa tai, mmoja kwa kipande cha sari ya zambarau. Anasema hawakubweka. Walikuwa wameketi ndani ya ukungu wakimtazama, kama wagonjwa waliofika mapema mno. Walifika wanane, wote wa damu ya Dachesi, na kila mmoja alimtambua kwa jina. Mwenyewe anakiri kwamba alilia, kisha akaingia ndani akanawa mara hamsini na sita.

Hapa ndipo alipokosea, na ameniagiza nisimfiche.

Mbwa wadogo walikuwa wamekuwa fasheni kwenye nyumba kubwa, na wengine hawakuwa wakija tena kutoka nje. Mzee hakutaka damu ya Dachesi ichanganyike na mbwa wa mitaani, kwa maana kwa habari ya nasaba yeye ana maringo kidogo, tuseme ukweli. Basi akafanya kile ambacho baba mwenye mapenzi hukifanya nyumbani kwao: akaoza binamu kwa binamu, nyumba inayojua nyumba. Yeye mwenyewe amemwoa Bi Hindu, binti wa baba yake mdogo, na ndoa yao ni ya kutamanisha. Akamwoza Pepe kwa Tinka. Baba yake Pepe ni Jimu, na mama yake Tinka ni Lulu, na Jimu na Lulu wote ni watoto wa Sali binti Dachesi. Ndoa za namna hiyo alifunga nne, na siku ya Pepe na Tinka nasikia aligawa kashata kwa wafanyakazi wote.

Pepe na Tinka walipelekwa Mbuya, kwenye nyumba ya bwana mmoja mkubwa wa jeshi ambaye sasa amehamishiwa mbali. Jina lake tutalihifadhi. Mpishi wa nyumba hiyo nilikuwa mimi, na umri wangu ulikuwa miaka ishirini na miwili. Nimezaliwa kambini, baba yangu alikuwa polisi, na wazazi wangu wote ni watu wa kaskazini. Nilipika chakula cha watu, nikapika na cha mbwa, posho, yaani ugali, kwa mifupa, na Jumapili maini. Juni 1975 Tinka alizaa watoto wanne, na mzuri kuliko wote aliitwa Nyota.

Walipofikisha miezi mitatu, wawili kati yao walianza kucheza. Sina neno jingine. Nyota alikuwa akitembea anainua miguu ya mbele juu sana, kama anayepanda ngazi ambazo sisi hatuzioni, huku ya nyuma ikiachana na kuyumba mpaka anaketi bila kutaka. Hakuwa na maumivu. Alikula vizuri, mkia ulitikisika, na macho yake yalikutazama yametulia kabisa. Akilala, alilala sawa na mbwa yeyote. Mchana mvua ikinyesha nilikuwa nasimama jikoni namwangalia akivuka sakafu, na baada ya muda nilikuwa nahisi yeye ndiye aliyesimama sawasawa, ila nyumba ndiyo inayosogea.

Wakati ule nyumba kubwa zote ziliogopa sumu. Mbwa akianguka leo, kesho ataanguka nani? Na aliyeshika sufuria alikuwa mtu mmoja. Jumanne moja ya Septemba nilifungiwa kwenye stoo ya makaa nyuma ya jiko. Nyota akaletwa hapa kwa gari, na dereva akamfikishia Daktari Otema agizo la Bwana kwamba jina la sumu lipatikane kabla ya Ijumaa. Bwana hakuuliza kama ni sumu. Alitaka jina. Jina likipatikana, mpishi angepelekwa kule walikokuwa wakipelekwa watu, na mimi sijakutana na mpishi aliyerudi.

Daktari alimpima Nyota asubuhi nzima na akajua kuwa hakulishwa kitu. Lakini Daktari naye ni mtu wa kaskazini, na watu wa kaskazini tulikuwa tunashukiwa kwa lolote. Angesema hakuna sumu, wangesema anamkinga dada yake, na tungekwenda wawili. Amenipa ruhusa niandike kwamba aliogopa.

Mzee Uthman alimchukua Nyota mezani akamweka chini karibu na benchi, akamwita kutoka mlangoni. Ndivyo anavyowapima watoto wote wa mbwa, kutoka benchi hadi mlangoni, hatua kumi na moja. Nyota alifika, lakini kwa safari ndefu. Mzee akaketi sakafuni, akafumba macho, akaanza kutaja nasaba ya Nyota upande wa mama, kisha upande wa baba. Halafu akamkumbuka mbwa mtoto mmoja wa Kololo ambaye wenyewe walisema aliteleza kwenye ngazi, na mwingine wa fleti za hapa Bugolobi aliyedhaniwa ameharibiwa na homa. Wote wawili walicheza hivi hivi, na wote walianza na miezi mitatu. Nyumba ni tatu na wapishi ni watatu, lakini ukoo ni mmoja, na wazazi wao waliozwa na mtu mmoja. Daktari anasema Mzee alifumbua macho akasema kwamba sumu ameijua, na aliyeitia ni yeye.

Angeweza kunyamaza. Mimi hakunijua. Alikuwa mtu wa miaka hamsini na miwili mwenye mke na watoto sita, na hakuna mtu mwingine Kampala nzima aliyekuwa na kadi za mbwa wale, maana kadi zenyewe zilikuwa kichwani mwake. Daktari alimkataza. Alhamisi mchana, mvua ilipokatika, alivaa kanzu yake ya Ijumaa na kofia yake ya kushonwa kwa mkono, akamweka Nyota ndani ya kikapu, akapanda Mbuya kwa miguu.

Mimi nilikuwa siku ya tatu nakunywa maji tu. Mwanga uliingia stoo kwa tundu moja, vumbi la makaa lilikuwa likielea ndani yake, likipanda na kushuka, na nilikuwa nimeshaacha kujua kama nimelala au niko macho. Mara nyingine nilikuwa nyumbani kwa mama. Mara nyingine nilikuwa napanda zile ngazi za Nyota, na zilikuwepo kweli, nyeupe, nami nilishangaa kwa nini sikuziona mapema. Hapo ndipo nikasikia sauti ya mzee barazani, ikitaja majina kwa utaratibu na bila haraka. Nyota binti Tinka. Tinka binti Lulu. Lulu binti Sali.

Mimi ni Mkatoliki. Mtu akitaja majina kwa sauti ya namna hiyo, sisi tunajua la kufanya. Nikadhani nimeshakufa na ile ni litania ya watakatifu, na kwamba watakatifu kumbe ni wengi kuliko tuliofundishwa. Nikajibu, utuombee. Akataja Pepe, nikajibu utuombee. Jimu, utuombee. Sali, utuombee. Alipofika kwa Dachesi niliitikia kwa nguvu zangu zote, kwa sababu nilisikia anamtaja kwa heshima zaidi, nikaona huyo ndiye mkubwa wao.

Barazani Mzee akaacha kutaja. Mama mzazi wa Bwana, aliyekuja kutoka kijijini kuwaona wajukuu, alikuwa ameketi mkekani anamenya karanga. Alikuwa ameambiwa mpishi amekwenda msibani. Akauliza ni nani anayeitikia huko stoo. Akaacha karanga zake, akaja akapiga mlango kwa kiganja, nami kutoka ndani nikamjibu utuombee. Alisimama pale kidogo. Nilikiona kivuli cha miguu yake chini ya mlango. Kisha akarudi barazani akamwambia yule mzee aanze upya polepole, na mwanawe akae asikilize.

Mzee akataja tena ukoo wote, akaongeza mtoto wa Kololo na mtoto wa Bugolobi, akaeleza kwamba huko mimi sijawahi kupika hata chai. Yule mama akamsikiliza hadi mwisho. Akasema kwa Kiswahili chake: "Mbuzi yetu kule nyumbani, dume natoka kwa jirani. Kila mwaka. Wewe mzee hapana jua hii?" Mzee akakiri kwamba hakujua. Alijua vitabu na alijua watu, lakini mbuzi hakuwahi kufuga. Nami huwa nafikiri kwamba mfugaji yeyote asingefanya kosa lile, na mtu wa mjini asiye na nasaba asingelifanya pia. Lilimhitaji Mzee Uthman hasa.

Bwana akauliza swali moja tu: "Nani naoza hii mbwa?" Mzee akavua kofia akajibu kwamba ni yeye, Uthman bin Bashir bin Marjan, kwa mkono wake na kwa furaha yake, na kwamba mpishi hana habari.

Nilifunguliwa na yule mama mwenyewe kabla jua halijashuka. Alinipa karanga, akanishika mkono hadi langoni, na hakuondoka pale mpaka nilipokata kona. Mzee Uthman hakutoka nami. Bwana alisema lazima mtu ajibu kwa ajili ya mbwa wale. Basi Ijumaa Mzee hakuonekana kazini, Jumamosi hakuonekana, na Jumatatu hakuonekana. Zile siku tatu ndizo hizo. Jumanne asubuhi alitoka kwenye ukungu kwa miguu, kikapu mkononi, Nyota ndani ya kikapu pamoja na yule ndugu yake anayeyumba, na kichwani hakuwa na kofia. Akawalisha mbwa wote, akanawa mara saba, na kidole kidogo cha mkono wake wa kushoto hakijakunjuka hadi leo. Hakusema yaliyompata, wala sisi hatukuuliza. Tangu siku hiyo hajavaa kofia kazini.

Bi Hindu naye hakumuuliza ya Mbuya. Lakini aliposikia kwamba mumewe amesimama mbele ya jeshi akazilaumu ndoa za binamu, alimnunia wiki nzima, na Daktari Otema akalazimika kwenda Kibuli kusuluhisha. Maelezo aliyoyatoa pale barazani kwao ndiyo bora niliyowahi kuyasikia juu ya ugonjwa huu, na nayaweka hapa kwa faida ya wafanyakazi wapya. Nyuma ya kichwa cha mbwa, chini ya ubongo mkubwa, kuna ubongo mdogo unaopima hatua: mguu uinuke kiasi gani, ushuke wapi. Katika mbwa wale ubongo huo huanza vizuri, kisha huharibika taratibu. Si sumu, si homa, wala hauambukizi. Ni kasoro anayozaliwa nayo.

Bi Hindu akauliza, kama amezaliwa nayo, mbona Pepe na Tinka ni wazima. Mzee ndiye aliyejibu, kwa mambo ya chuoni kwa baba yake. Alisema kila mbwa hupewa juzuu mbili za maneno yale yale, moja ya baba na moja ya mama. Ya baba ikitoboka ukurasa, anasoma kwenye ya mama, na hakuna atakayejua kwamba kuna tundu. Pepe ana tundu moja, Tinka ana tundu moja, wanasoma vizuri. Lakini tundu hilo wote wamelirithi kwa Sali, na Sali kwa Dachesi, kwa hiyo liko ukurasa ule ule. Mtoto akibahatika anapata juzuu nzima walau moja. Nyota alipata mbili zilizotoboka pale pale. Mtu asiye wa ukoo huenda naye ana tundu lake, ila liko ukurasa mwingine. Daktari akaongeza haraka kwamba watoto wao sita wanasoma kurasa zote, ikaletwa chai.

Baada ya hapo Mzee alifanya kazi ambayo kwa maoni yangu ndiyo kubwa kuliko zote za miaka hii. Alizunguka mji kwa miguu, nyumba kwa nyumba, Kololo, Mbuya, Kyambogo, hadi fleti zetu hizi, akivunja ndoa alizozifunga. Alieleza kosa lake kila mlango. Kuna waliomcheka na kuna mmoja aliyemfungulia mbwa, ambaye kwa bahati alikuwa mjukuu wa Sali na alimjua. Kila mmoja wa ukoo wa Dachesi alitafutiwa mwenzi wa mbali, na Mzee yule yule aliyekuwa na maringo sasa akawa anawasifu mbwa wa mitaani wa Nakawa kwa usafi wa juzuu zao. Daktari aliichora nasaba yote ukutani kwa rangi, kama Mzee alivyoitamka, na wanafunzi wa Kyambogo wanakuja kuinakili. Profesa mmoja wa ng'ambo aliandika kuomba tumpelekee kumbukumbu zetu. Tulimjibu kwamba kumbukumbu zetu zinaingia kazini saa moja na zinatoka saa kumi. Hadi leo, miaka miwili na nusu, hakuna mtoto hata mmoja wa ukoo ule aliyezaliwa akacheza katika mji huu.

Mimi alinileta hapa mwezi ule ule, akamwambia Daktari kwamba binti huyu anajua kuitikia akiitwa. Nikapewa meza ya mapokezi. Nikaolewa na Ogwal wa kambi ya polisi ya Naguru, na mwaka jana Februari nikajifungua msichana. Jina lake la ubatizo ni Helen. Jina tunalomwita ni Mahfudha, yaani aliyehifadhiwa, na padri alipouliza hilo ni la mtakatifu gani nilimwambia ni wa Kibuli.

Januari hii Mahfudha alisimama kwa mara ya kwanza, hapa hapa mapokezi, akishikilia benchi. Aliachia mikono, akainua mguu juu sana, akayumba, akaketi bila kutaka. Mzee alikuwa mlangoni. Nilimwona akisawijika uso. Kuanzia siku hiyo, kila asubuhi baada ya kunawa, alichuchumaa mlangoni akamwita mtoto kutoka benchi, na kila asubuhi alihesabu. Hatua tatu. Hatua tano. Nilimwambia watoto wote ndivyo wanavyoanza, na yeye ana sita, anajua. Akasema anajua. Aliendelea kuchuchumaa. Wiki ya tatu Mahfudha alizitembea zote kumi na moja, miguu sawasawa, akamwangukia kifuani. Mzee aliketi sakafuni na mtoto wangu mapajani akalia mbele ya wateja, na mbwa wa wateja wakanyamaza.

Mzee wetu, kwa niaba ya Daktari Otema na wote waliomo humu, nakushukuru. Umewatunza waliofungwa langoni kwetu, umelikiri kosa lako pale ambapo kulikiri kulikuwa na hatari kubwa, na umetufundisha kunawa. Nyota unakwenda naye Kibuli, na Bi Hindu ametuma habari kwamba amemwekea sehemu nyuma ya jiko, na kopo la udongo lake mwenyewe. Nyota bado anapanda ngazi zake. Ule vizuri, ulale mchana bila kuangalia saa, na kila unayemtaja awe mzima.

Zawadi yetu ni ndogo: kofia, imeshonwa kwa mkono na fundi wa Kibuli aliyeshona ile ya kwanza. Hatutakukabidhi sisi. Ukisikia nimefika mstari huu, nenda uchuchumae mlangoni, halafu mwite Mahfudha. Yuko kwenye benchi, kofia ameishika yeye, na anakuja.